Neno Moja la Lutengano

Neno lilikuwa kwenye skrini tangu asubuhi, kwa herufi kubwa za kijani: LEAVE.

Subilaga Mwaisumo alilisoma akiwa bado mlangoni, koti lake la mvua likichuruzika maji sakafuni. Alikuwa mkalimani wa wilaya aliyeapishwa, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Kazi iliyomleta Hospitali ya Ilumbo ilikuwa rahisi kuielezea. Aandike kitenzi kimoja cha Kiswahili chini ya kile cha Kiingereza, aweke kidole gumba, aende zake. Kitenzi atakachokiandika ndicho sheria itakachokihesabu kuwa kauli ya mgonjwa, sawasawa na kama mgonjwa mwenyewe amekitamka mbele ya hakimu.

Mgonjwa alikuwa amelala chali katikati ya chumba, mashine ya kupumulia ikimpandisha na kumshusha kifua. Lutengano Mwambene, fundi wa minara ya umeme wa upepo. Kamba yake ilikatika akiwa juu ya mnara kule mlimani, na tangu siku ile hakuna kiungo chake kilichotikisika, hata kope. Lakini masikio yalikuwa yanasikia na akili ilikuwa inafanya kazi. Hayo yalijulikana kwa sababu ya kofia aliyovishwa, wavu mwembamba wa nyuzi za fedha uliobana kichwa kilichonyolewa. Kila mara aliyeivaa aliposukuma neno moyoni akitaka kulisema, kofia ilinasa kitenzi chake na kukitupa kwenye skrini. Kitenzi tu, na kwa Kiingereza, maana waliokitengeneza chombo kile walikifunza kwa vichwa vya watu wa kwao.

"Shikamoo mama," alisema mwanamke aliyekaa upande wa kichwani.

"Marahaba mwanangu. Pole na kuuguza."

Huyo alikuwa Sekela, mke wa Lutengano, karani wa kiwanda cha chai. Upande wa miguuni alisimama mwanamume mpana wa mabega, kofia ya sufu mkononi. Alikuwa Ambakisye, kaka mkubwa wa mgonjwa. Katikati yao, kishikwambi kifuani, alisimama Daktari Kihaule, mkuu wa wodi.

"Mama, tusikuchoshe," Ambakisye alisema. "Hiki Kiingereza hata sisi tumekisoma. Leave ni kuondoka. Mdogo wangu amechoka, anaomba aondoke. Mimi nampenda kuliko mtu yeyote humu ndani, ndiyo maana nasema tumsikilize."

"Shemeji, leave si kuondoka tu," Sekela alisema bila kumtazama. "Mimi kazini nikiomba leave, naomba likizo. Na narudi."

Daktari alikohoa.

"Wote mko sahihi," Subilaga alisema, akivua koti. "Neno hilohilo Mwingereza analitumia akitaka uuache mlango wazi. Analitumia akikuomba umbakizie mtoto chakula. Baba akiwaachia wanawe shamba, ni hilo. Mtu akisahau mwavuli kanisani, ni hilo. Akimtoroka mkewe, hilo. Ukimfukuza mtu asikusumbue, hilo pia. Kiingereza kina vitenzi vichache vya namna hiyo, vinabeba mizigo ya watu wengi."

"Tumeshalipata neno hili kabla," Daktari Kihaule alisema kwa upole. "Mkalimani aliyekutangulia alikuwa akiliandika 'niacheni niende'. Tumelihifadhi kwenye mfumo, unaweza kuliweka kwa kidole kimoja."

"Hayo ni maneno mawili, daktari. Hilo la pili alilitoa wapi?"

Daktari alisema tu kwamba sheria inampa mkalimani hadi jioni, na kwamba neno likishaandikwa kuwa mgonjwa anaomba kwenda, mashine ya kupumulia itazimwa mbele ya ndugu zake.

"Basi hadi jioni mimi nipo hapa," Subilaga alisema, akavuta kiti.

*

Alianza kwa kumzoea mgonjwa. Alimsalimia, akajitambulisha, akamweleza kwa nini amekuja. Skrini ikaandika HEAR. Akamuuliza kama anasikia baridi. FEEL, kisha ikafutika. Akajaribu kuuliza swali lenyewe waziwazi: Lutengano, unataka tufanye nini? LEAVE ikarudi, kubwa, ikakaa.

"Muulize ndiyo au hapana," Ambakisye alishauri.

"Kofia haina ndiyo wala hapana," daktari alijibu. "Inanasa vitenzi. Maneno madogomadogo yalikuwa yanaleta makelele kwenye nyuzi, waliotengeneza wakaifunza iyachuje."

"Maneno gani madogo?" Subilaga aliuliza.

"Yale yasiyobeba tendo. Vile viungo vya Kiingereza. Do, to, will, not."

Subilaga aliitikia kwa kichwa. Jambo hilo lilimpita wakati ule, kama linavyompita mtu jina la kituo ambacho si chake.

Saa sita Sekela alitoka kunyoosha miguu, na Subilaga akamfuata kwenye varanda. Mvua ilikuwa imekatika. Chini bondeni wingu lilikuwa limekaa juu ya mashamba ya viazi, na juu yake mapanga ya minara ya upepo yalizunguka polepole. Sekela aliipa minara kisogo.

"Mama, mimi sikatai kuambiwa ukweli," alisema. "Kama amechoka, amechoka. Lakini hili neno halifanani naye. Baba Tupokigwe tumeishi naye mpaka mtoto ameingia sekondari, tumegombana kama watu wote wanavyogombana. Hajawahi kuniambia 'niache'. Hata siku moja. Akikasirika, mimi nikainuka niende jikoni, ananishika mkono, anasema, 'Usiniache hivi, tumalize.'"

Subilaga aligeuka.

"Rudia alivyokuwa anasema."

"Usiniache hivi, tumalize."

Subilaga aliinua mkono wake, akahesabu vipande vya neno kwenye vidole, kwa sauti ya chini, kama msichana wa shule. U. Si. Ni. Ache. Kisha akarudia taratibu: mniache, msiniache. Maneno mawili ya mtu mmoja, na katikati yake silabi moja.

Kwa Mwingereza, ukanusho, ile not ya daktari, unasimama nje ya kitenzi, peke yake, kama mlinzi getini. Ukimwondoa mlinzi, nyumba inabaki ileile. Kwa Mswahili ukanusho unakaa ndani ya kitenzi chenyewe. Na kofia ile ilifundishwa kuchuja kila kilichofanana na yule mlinzi, kokote ilikokikuta.

"Mwanangu," alisema, "mumeo ni kitu gani hafanyi kabisa? Kitu ambacho ukimuuliza, hata akiwa usingizini atakataa."

Sekela alifikiri. "Samaki hali. Wanamvimbisha koo. Na sigara. Baba yake alikufa kwa sigara, hajawahi kuigusa."

Walirudi ndani. Subilaga alimwita daktari asimame aone, na Ambakisye naye asogee. Kisha akainama karibu na sikio la mgonjwa.

"Lutengano, mimi tena, mama Mwaisumo. Nakuuliza mambo ya kawaida, unijibu kwa neno moja tu. Samaki unakula?"

Skrini ilikaa tupu kwa pumzi mbili za mashine. Kisha: EAT.

"Hali!" Sekela alisema. "Hajala samaki tangu utoto!"

"Labda anatamani," daktari alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Lutengano. Sigara unavuta?"

SMOKE.

Ambakisye aliketi kitandani, miguuni pa mdogo wake. "Huyu?" alisema. "Huyu alikuwa anatoka nje ya kilabu, anasimama kwenye mvua, kwa sababu ya moshi wetu."

"Anasema sili," Subilaga alisema. "Anasema sivuti. Kofia inakula ile si, inatuletea makombo. Daktari, hili LEAVE linaweza kuwa mniache. Linaweza pia kuwa msiniache. Mashine yako haina uwezo wa kujua tofauti, na haijawahi kuwa nao."

*

Daktari Kihaule alimpeleka ofisini, akafunga mlango, akabaki amesimama. Hakuwa mtu mbaya. Kila mtu mjini alijua kwamba kofia zile aliziomba yeye, akazipigania miaka mitatu, kwa sababu hakuvumilia kuona watu wamelala macho wazi bila njia ya kuomba hata maji.

"Nimekuelewa," alisema. "Na nadhani uko sahihi. Sasa nisikilize na mimi. Wodini kuna mama mmoja, kila asubuhi anaomba afunguliwe redio. Kuna kijana anaomba ageuzwe ubavu. Ukiandika taarifa kwamba kofia inapindua maneno, kesho watakuja kuzikusanya, hapa na nchi nzima. Watu wale watarudi kimya. Unajua kimya kile kikoje?"

"Sijui. Naweza kukadiria."

"Na kuna jambo lingine." Alishika kiti kwa mikono miwili. "Mzee Sanga. Miaka miwili iliyopita. Neno lilikuwa hilihili. Mkalimani wa zamani akaandika niacheni niende, binti yake akakubali, tukazima. Yule binti, Twilumba, alilia, akazika, akaendelea na maisha. Ananisalimia sokoni, mama Mwaisumo. Ananishukuru. Unataka nikamwambie kwamba baba yake huenda alikuwa anasema msiniache?"

Hilo lilikuwa swali la kweli, na Subilaga alimheshimu daktari kwa kuliuliza kwa sauti. Taarifa ya Lutengano angeweza kuiandika kwa namna ambayo mzee Sanga asingeguswa. Angeweza kusema kofia imeonyesha hitilafu kwa mgonjwa mmoja. Hakuna ambaye angemdai zaidi ya hapo. Na mahali fulani mjini mwanamke angeendelea kulala usingizi wake.

Lakini usingizi ule ulikuwa umejengwa juu ya kauli ambayo mzee hakuitoa, au hakuna aliyejua kama aliitoa. Yeye kazi yake yote ilikuwa kuhakikisha kwamba mtu hawekewi maneno mdomoni. Alijua kwamba akianza kuchagua nani anafaa kujua na nani aachwe alale, siku hiyohiyo atakuwa ameacha ukalimani.

"Kofia hazitakusanywa," alisema. "Nitaandika kwamba zinafaa kwa mambo ambayo mtu akikosea hasara ni kikombe cha maji tu. Mama wa redio ataendelea na redio yake. Kwa jambo la uhai, hazifai, isipokuwa muulizaji ajue namna ya kuuliza. Na hiyo namna nitawafundisha, naona ninayo."

"Na Twilumba?"

"Kwake nitakwenda mwenyewe, kabla taarifa haijatoka. Hataisikia sokoni."

Daktari aliachia kile kiti.

"Hutakwenda mwenyewe," alisema. "Mimi ndiye niliyezima."

*

Namna ya kuuliza ilikuwa hii: usimpe mtu nafasi ya kukataa. Mpe vitenzi viwili, vyote vya kukubali, achague kimoja. Kisha vigeuze, ubadilishe maneno, umuulize tena, mpaka uone kama anarudi palepale.

Subilaga alimweleza Lutengano yote hayo kwa sauti, bila kumficha kitu. Alimwambia kwamba kofia haisikii kukataa kwake, na kwamba ndiyo maana wamekuwa hawaelewani. Skrini iliwaka kama kiberiti, vitenzi vikapishana upesi kiasi kwamba hakuna aliyewahi kuvisoma vyote. KNOW. SAY. SAY. SAY.

"Najua, baba," Subilaga alisema. "Umesema sana. Sasa tulia. Usikatae neno lolote. Chagua tu. Unataka kubaki, au unataka kwenda?"

Mashine ilimpandisha kifua, ikamshusha.

REMAIN.

Sekela alishika ukingo wa kitanda. Subilaga alimwinulia kiganja, asiseme bado.

"Nakugeuzia. Kwenda, au kubaki?"

REMAIN.

"Vizuri. Maneno mengine sasa. Kupumzika moja kwa moja, au kuishi hivi ulivyo, na mashine hii, labda kwa miaka mingi? Nataka ujue unachokichagua. Madaktari hawana ahadi ya kukupa. Kupumzika, au kuishi?"

Safari hii ilichukua muda. Ambakisye alikuwa ameikunja kofia yake ya sufu mpaka ikawa kama kamba. Kisha herufi zikaja, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

LIVE.

Ambakisye aliinuka, akatoka nje. Walimsikia kwenye korido, mtu mzima, akilia kwa sauti pana ya mtu asiyezoea kulia. Sekela alisimama amfuate.

Kwenye skrini likatokea LEAVE.

Sekela aliliona. Alisimama pale, nusu amegeukia mlango, akilitazama neno lililomtesa tangu asubuhi. Kisha akarudi, akakaa, akaushika mkono wa mumewe usiohisi kitu, akaubana.

"Siondoki," alisema. "Nilikuwa nakwenda kumbembeleza kaka yako. Sikuachi, Baba Tupokigwe. Tumalize."

Neno likafutika.

Subilaga alichukua kishikwambi cha daktari. Chini ya LEAVE aliandika neno moja, kama sheria ilivyotaka, *msiniache*, akaweka kidole gumba. Daktari naye akaweka chake bila kuombwa.

*

Twilumba Sanga alikuwa msimamizi wa kituo cha maziwa, juu kwenye ukingo ambako droni hupakia makopo na kuruka nayo kuvuka bonde. Walimkuta uwanjani amevaa aproni ya plastiki, akikagua mifuniko. Alipomwona daktari alitabasamu.

"Daktari! Leo umepanda huku kwetu? Karibuni. Shikamoo mama."

"Marahaba," Subilaga alisema.

Walikuwa wamekubaliana kwamba aanze yeye. Lakini daktari alitangulia. Alivua miwani, akasema alichokuja kusema, bila kupamba: kofia, neno, silabi inayopotea, mgonjwa wa jana. Alisema, "Tulimzimia baba yako mashine kwa neno ambalo hatukulielewa. Huenda alisema aachwe. Huenda alisema asiachwe. Hatujui, na hatutajua."

Twilumba aliweka mfuniko juu ya kopo, akaugandamiza kwa viganja viwili, akaendelea kuugandamiza hata baada ya kuingia. Droni ilishuka nyuma yake, ikangoja mzigo, taa yake ikimwekamweka. Hakuigeukia.

"Mgonjwa wa jana," aliuliza mwisho. "Mlipomuuliza vizuri, alisemaje?"

"Alisema anataka kuishi," Subilaga alijibu.

Twilumba alitikisa kichwa, polepole, mara nyingi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Subilaga alingoja. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, na alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Moyoni alijua kwamba hata likija lipi, asingejuta kupanda mlima ule.

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi. Na wale waliokuwemo chumbani. Taarifa inatoka kesho."

"Na baba mmemwandikaje humo?"

Daktari na Subilaga walitazamana. "Mgonjwa wa awali," daktari alisema. "Kukulinda wewe. Hatukutaja jina."

"Litajeni." Sauti yake ilitoka kavu, na haikutetemeka. "Mmemwekea maneno mara moja, sasa mnamwondolea na jina? Watu wakisoma kwa nini sheria ibadilike, wamsome yeye. Na mimi niandikwe, kwamba ndiye niliyekubali. Sioni haya. Nilikubali kwa sababu nilimpenda na nikaambiwa ndivyo anavyotaka."

Aliivua aproni, akaitundika kwenye msumari, akamsogelea daktari mpaka akawa anakitazama kishikwambi chake.

"Fungua. Andika nikiona."

Daktari Kihaule alifungua taarifa, akafuta maneno *mgonjwa wa awali*. "Jina lake kamili?" aliuliza.

"Yohana Ahadi Sanga," Twilumba alisema. "Seremala. Andika na hilo. Alikuwa seremala."